Kima, Papa na Moyo Ulioachwa Mtini

Aliyesoma fasihi sekondari, awe wa Tabora au wa Kakamega, hutoka darasani na orodha. Fani na maudhui. Mandhari, wahusika, msuko, mtindo. Chini yake tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, kinaya, taharuki, majazi, mbinu rejeshi. Akipewa hadithi kwenye mtihani huipitia kalamu mkononi: akikuta neno "kama" anaandika tashbihi, akikuta mhusika anakumbuka utoto wake anaandika mbinu rejeshi, na mwisho anahesabu amepata ngapi. Alama atapata. Lakini muulize kwa nini hadithi ile ilimnyima usingizi, na nyingine yenye mbinu zile zile ikamchosha kwenye ukurasa wa tatu. Hapo orodha yake haimsaidii.

Katika sura hii tutachukua hadithi moja, fupi na ya kale, tuifumue mshono kwa mshono. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba mbinu nyingi tunazozikariri kwa majina mbalimbali hufanya kazi moja, nayo ni kugawa habari. Katika hadithi yoyote wapo watu kadhaa wanaojua mambo kwa viwango tofauti: msimulizi, msikilizaji, mhusika huyu na mhusika yule. Nani anajua nini, na anakijua lini? Anayeweza kulipanga hilo ameshika usukani wa hadithi, hata kama hajawahi kusikia neno "taharuki".

Hadithi yenyewe

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha huko London kitabu cha ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili kikitazamana na Kiingereza. Humo imo ngano ya punda wa dobi. Naisimulia hapa kwa maneno yangu.

Kima na papa walikuwa marafiki. Ufukweni ulisimama mkuyu mkubwa, matawi ya upande mmoja yakifunika nyumba za mji, ya upande wa pili yakining'inia juu ya kina cha maji. Kima alikuwa akipanda kula kuyu, na papa akija chini yake kuomba. Kima akichuma moja lake, anatupa moja la rafiki yake. Ikawa hivyo siku nenda siku rudi.

Siku moja papa akasema, "Ndugu yangu, wema wako umeniwia deni. Twende kwetu nami nikukirimu." Kima akauliza atafikaje, naye ni kiumbe wa nchi kavu. "Mgongo wangu ndio chombo chako," papa akamjibu, "utafika mkavu." Kima akashuka, akapanda, wakaondoka.

Walipofika mahali pasipoonekana tena mti wala mji, papa akasema, "Sasa nikueleze ukweli. Sultani wetu mgonjwa sana, na dawa yake wameitaja kuwa ni moyo wa kima." Kima akatulia kidogo. "Rafiki yangu," akasema, "mbona hukuniambia tulipokuwa kule?" "Kwani kuna nini?" "Hujui desturi yetu? Sisi tukitoka matembezini, mioyo tunaiacha mitini. Hivi nilivyo, sina. Mtanipasua bure na mgonjwa wenu hatapona. Bora turudi nikauchukue." Papa akageuza.

Kufika mkuyuni, kima akaruka juu, akakaa kimya. Papa akaita. Kimya. Akaita tena: "Twende, wakati unapita!" Kima akasema, "Wataka kunifanya punda wa dobi?" "Punda wa dobi ndiye nani?" "Ndiye asiyekuwa na moyo wala masikio." Papa akataka kujua habari zake, na kima, akiwa amekaa vizuri tawini, akamsimulia.

Dobi mmoja alikuwa na punda wake. Punda akatoroka, akaingia mwituni, akala majani mpaka akanawiri. Sungura akamwona, akaenda kwa simba, ambaye wakati huo alikuwa hoi kwa maradhi, hawezi kuwinda. "Nitakuletea nyama," akamwambia. Kisha akamwendea punda kama mshenga: simba anakuposa. Punda akafurahi, wakafuatana. Simba akamrukia, lakini nguvu hana. Akamparura tu, punda akarusha mateke akaponea chupuchupu. Siku zikapita, simba akapata nafuu. Sungura akarudi kwa punda na maneno matamu zaidi: yale hayakuwa mashambulizi, ndiyo mapokezi ya simba kwa ampendaye. Punda akaenda tena. Safari hii hakutoka.

Simba akamwagiza sungura aichome nyama; yeye hataki kitu ila moyo na masikio. Sungura akajitenga kando, akavichoma, akavila. Simba alipovidai akajibiwa, "Bwana wangu, yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angerudi hapa mara ya pili?"

"Na wewe," kima akamwambia papa, "hilo ndilo ulitakalo kwangu. Nenda zako. Urafiki wetu umekwisha."

Mti wa pande mbili

Tuanze na mandhari, kwa sababu ndiyo mbinu inayodharauliwa kuliko zote. Waandishi chipukizi wengi hufungua hadithi kwa jua linalochomoza, umande, ndege na upepo mwanana. Kipimo chake ni rahisi: lifute jua hilo, uone kama kuna lolote litakaloharibika mbele. Mara nyingi hakuna.

Sasa jaribu kuufuta mkuyu. Bila matawi yanayoelekea majini, kima na papa hawana pa kujuana. Bila matawi yanayoelekea nchi kavu, kima hana makao wala kimbilio. Mti ule ule unaozaa urafiki ndio unaomwokoa mmoja na mwenzake. Msimulizi anautaja mara moja, mwanzoni kabisa, kama mtu anayetuonyesha njia tu, na sisi tunaupokea bila kuuliza. Kumbe ametupa sheria zote za hadithi: huyu hawezi kupanda, yule hawezi kuogelea, na kila mmoja ana nguvu mahali pake. Ndiyo maana kilele hakihitaji maelezo. Kima anaporuka tawini, hakuna msikilizaji anayehitaji kuambiwa kwamba papa ameshashindwa.

Wapo wanaoiita mbinu hii kidokezo. Siri ya kidokezo kizuri ni kwamba msikilizaji anapewa habari kabla ya kujua kuwa ni habari. Akija kuihitaji anajikuta tayari anayo, na raha yake hutokana na hapo: haoni kama ameletewa kitu kutoka mfukoni mwa msimulizi ili kuokoa jahazi. Mwandishi anayemtoa mhusika wake taabani kwa mjomba tajiri asiyewahi kutajwa huwa amechelewesha habari, na msomaji hukasirika hata akikosa jina la kosa lenyewe.

Wahusika wanaokuja na sifa zao

Angalia jinsi wahusika walivyo watupu. Hatujui rangi ya kima, umri wake wala tabia zake. Hakuna mwenye jina. Hata hivyo hatuwachanganyi hata kidogo, maana kila mmoja ameingia na sifa aliyoipata nje ya hadithi hii. Sungura hahitaji kutambulishwa Afrika Mashariki. Akitokea tu kati ya simba mgonjwa na punda mnene, mtoto wa miaka sita anajua mambo yataishia wapi. Simba hajui. Punda hajui. Mtoto ameketi mkekani akijua zaidi ya mfalme wa nyika, na kicheko chake kinatokana na pengo hilo.

Papa naye ana sifa yake. Mtu wa pwani akisikia papa anataka urafiki, moyo wake haukai sawa. Hapo ndipo chaguo la msimulizi wa Unguja linapong'aa, kwa kuwa hadithi hii haikuanza na papa. Katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa Kihindi kwa lugha ya Kisanskriti, rafiki wa kima ni mamba. Mkusanyo huo ulifasiriwa kwa Kipahlavi huko Uajemi katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Abdullah Ibn al-Muqaffa akautia katika Kiarabu kwa jina la Kalila wa Dimna. Humo rafiki wa kima ni kobe. Kobe hamtishi mtu. Msikilizaji wa Kalila wa Dimna anaingia katika urafiki ule kwa amani. Wa Unguja anaingia akiwa na shaka ambayo msimulizi hakuitamka. Kwa kubadili mnyama mmoja, msimulizi amebadili kile ambacho msikilizaji anakijua tangu sentensi ya kwanza.

Shaaban Robert alilifanya jambo hili kwa njia ya majina, mbinu tunayoiita majazi. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, mshtakiwa ni Karama na waziri anayemshtaki ni Majivuno. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wa Adili ni Hasidi na Mwivu. Wahakiki wa baadaye wamelalamika kwamba majina kama haya yanamaliza utamu, kwani tunamjua mtu kabla hajatenda. Ni kweli tunamjua, na mwandishi alitaka hivyo. Akishakutolea swali la "huyu ni mtu wa namna gani", anakuachia swali la pili, ambalo ndilo lililomshughulisha yeye maisha yake yote: wema utapitia wapi hata ushinde katika nchi inayoongozwa na Majivuno?

Katikati ya bahari

Tufike sasa kwenye kiungo cha hadithi, pale papa anapofungua kinywa. Zilinganishe simulizi tatu uone mbinu ikifanya kazi.

Katika Panchatantra na katika Kalila wa Dimna pana mke. Mke wa mamba, au wa kobe, anachukizwa na urafiki wa mumewe na kima, na moyo wa kima unatajwa kuwa ndicho kitakachomtuliza au kumponya. Sisi tunayasikia hayo kabla kima hajaalikwa. Kwa hiyo anapopanda mgongoni akishukuru kwa ukarimu, kila neno lake linatuuma. Tunajua, yeye hajui. Kinaya na taharuki vimezaliwa papo hapo, na msimulizi hakuhitaji hata sifa moja ya kutisha. Safari inaweza kuwa ndefu atakavyo. Kila wimbi linazidi kutukaza.

Msimulizi wa Unguja amemwondoa mke. Mgonjwa sasa ni sultani, na hatuambiwi lolote mpaka mji umepotea machoni. Tunasikia pamoja na kima, katika sekunde ile ile. Amepoteza nini? Amepoteza hofu ya safari nzima, maana mpaka hapo tuna shaka tu. Amepata nini? Amepata mshtuko, na zaidi ya mshtuko amepata ushirika. Katika simulizi za kale unaweza kumwona kima mjinga, kwa kuwa wewe ulikuwa unajua. Hapa huwezi kumcheka, maana hata wewe ulipanda mgongoni. Na linapokuja jibu lake la haraka, kwamba mioyo huachwa mitini, unaipima akili yake kwa yako: mmepewa habari kwa wakati mmoja, yeye amepata njia na wewe bado umeduwaa.

Mbinu hizi mbili, ya kumpa msomaji siri mapema na ya kumnyima hadi dakika ya mwisho, ndizo anazochagua kila mwandishi wa visa vya upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapishwa mwaka 1960, alitegemea zaidi ile ya pili. Mpelelezi wake, Bwana Msa, huona anayoyaona, hukaa na kiko chake, na hasemi. Rafiki yake Najum huachwa gizani, na msomaji huachwa gizani pamoja naye. Najum ni kiti alichowekewa msomaji ndani ya hadithi. Angekuwa mwepesi kama Bwana Msa, hadithi ingekwisha mapema.

Linabaki swali ambalo watoto huliuliza na watu wazima huliona haya: kwa nini papa alisema? Angenyamaza mpaka afike, moyo angeupata. Kila simulizi imejibu kwa namna yake. Mamba wa Panchatantra anasema kwa kujiamini, akijua windo limeshanaswa. Kobe wa Kalila wa Dimna anasumbuliwa na dhamiri yake. Anasita majini, anasimama, na ni kima mwenyewe anayeona kusita kule na kumhoji. Hapo mhusika wa ngano ameanza kuwa na mgogoro wa ndani, kitu tunachodhani kililetwa na riwaya. Papa wa Unguja hapewi sababu yoyote. Hata hivyo sababu imo mahali aliposema. Alingoja mpaka nchi kavu isionekane, akaamini kwamba habari haina thamani kwa asiye na pa kukimbilia.

Kosa lake ni hilo, na hadithi nzima inazunguka juu yake. Kima, asiye na meno kama ya papa wala mapezi, anajibu habari kwa habari. Anampa papa jambo asiloweza kulihakikisha, kwa sababu papa hajawahi kupanda mti. Papa anaijua bahari tu. Ya mtini anaambiwa. Mandhari iliyowekwa katika sentensi ya mwanzo imekuja kulipa deni lake katikati ya maji.

Kisa ndani ya kisa

Kima akisharuka tawini, hadithi ingeweza kwisha. Msimulizi mchanga angeimaliza hapo kwa kicheko. Badala yake inafunguka hadithi ya pili, ndefu karibu sawa na ya kwanza. Ya nini?

Ziweke sambamba. Katika ya kwanza yupo mtawala mgonjwa, yupo mjumbe mwenye maneno matamu, yupo mnyama anayetakiwa moyo. Katika ya pili ni vivyo hivyo: simba mgonjwa, sungura, punda. Tofauti iko katika hesabu ya safari. Punda alikwenda mara mbili. Kima alikwenda mara moja, na papa sasa anamwita kwa mara ya pili. Kwa hiyo kisa cha ndani ni picha ya yale ambayo yangempata kima kama angeshuka. Msimulizi ametuonyesha mwisho mbaya bila kumuua mhusika tunayempenda. Amempata punda akafe kwa niaba yake.

Halafu kuna moyo wenyewe, ambao katika kisa hiki ni nyama na ni akili kwa pamoja. Kima alisema hana moyo, na kwa kusema hivyo akathibitisha kwamba anao. Punda alikuwa nao, umeng'olewa kifuani na kuliwa, na bado inaamuliwa kwamba hakuwa nao. Uongo wa kima na uongo wa sungura ni sentensi moja, "hana moyo", imesemwa mara mbili. Mara ya kwanza inaokoa uhai. Mara ya pili ni matanga ya mjinga. Na papa aliyeuamini uongo wa kwanza, ndiye anayeketi kusikiliza wa pili. Wakati sungura anamwambia simba maneno yale, papa anaambiwa na yeye: nawe umedanganywa hivyo hivyo. Ndiyo takriri katika ubora wake: neno linarudi limebeba mzigo mwingine.

Wengine wametumia kisa ndani ya kisa kwa haja tofauti. Katika Alfu Lela Ulela, Shahrazad anasimulia ili asifike asubuhi ya kifo chake. Hukata kisa pale mfalme anapotaka kujua zaidi, na hamu ya kujua inamnunulia siku nyingine. Karama wa Kusadikika yuko kizimbani. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa nje wakaleta mema, nchi ikawalipa kwa kifungo. Anayemsikiliza ndiye mtawala wa nchi ile ile, na kila kisa kinamgeuza msikilizaji kuwa mshtakiwa bila kumnyoshea kidole. Tukikumbuka kwamba kitabu kilitoka Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, tunaona kwamba Shaaban Robert naye alikuwa na wasikilizaji wa aina mbili. Nchi ya Kusadikika inaelea hewani, haimo katika ramani ya mtu. Aliyetaka kuisoma kama ngano aliisoma hivyo, na aliyeelewa alielewa.

Kima hana haja ya Shahrazad wala ya Karama. Anasimulia akiwa ameshaokoka. Hadithi yake haina faida kwake, na ndiyo maana ni hukumu. Angeweza kutukana. Watu wetu wana njia nyingine ya kumwambia rafiki kwamba amevunja ahadi: mtu anatoa kisa cha mtu mwingine, anamwachia mwenzake kazi ya kujitambua ndani yake.

Nani anasimulia?

Mpaka hapa tumemfuata msimulizi maizi, yule anayeona mtini, baharini na mwituni. Ngano nyingi humtumia kwa sababu anaruhusiwa kujua kila kitu, na anachagua atoe kipi. Lakini jaribu kumpa papa kinywa:

"Usiku ule sultani wetu alishindwa kumeza hata maji. Mimi ndiye niliyekuwa na rafiki nchi kavu, na kila mtu alijua. Hawakunilazimisha. Walinitazama tu. Asubuhi nikaenda mkuyuni kama kawaida, kuyu la kwanza likaanguka mbele yangu, nikashindwa kulila."

Matukio hayajabadilika. Yaliyobadilika ni habari tulizo nazo, na kwa hiyo huruma yetu. Sasa tunajua mzigo wa papa na hatujui kama kima anashuku. Atakapogeuza njia kurudi mkuyuni tutajiuliza swali ambalo ngano haikutupa nafasi ya kulifikiria: je, aliuamini uongo ule kweli, au aliutaka?

Nafsi ya kwanza hupunguza habari, na kupunguza huko ndiko kunakotupa ukaribu. Ken Walibora aliitumia katika Siku Njema, riwaya ya mwaka 1996. Kongowea anajisimulia safari yake kutoka Tanga hadi Kenya akimtafuta baba asiyemjua. Msimulizi maizi angejua tangu ukurasa wa kwanza baba yuko wapi, na msomaji angeona anafichwa. Kongowea hajui, basi nasi hatuna wa kumlaumu, tunapotea naye.

Upo pia uchaguzi wa kuanzia. Ngano ya kima inakwenda mbele, asubuhi hadi jioni. Adili na Nduguze, ambayo mizizi yake imo katika Alfu Lela Ulela, inatuweka kwanza mbele ya jambo lisiloeleweka: mtu mpole, mwenye haki, ambaye kila usiku anawachapa manyani wawili. Tumeona tokeo, tumenyimwa sababu. Kisha Adili anatakiwa mbele ya mfalme aeleze, na hadithi inarudi nyuma. Hiyo ndiyo mbinu rejeshi, na faida yake tunaiona hapa wazi. Kama Shaaban Robert angeanza na utoto wa ndugu watatu, tungesubiri kujua litatokea nini. Kwa kuanzia kwenye viboko, tunasubiri kujua kwa nini, na swali la kwa nini hushika watu kwa muda mrefu zaidi.

Mkekani na kwenye karatasi

Fanani wa jadi ana chombo ambacho mwandishi hana: anawaona watu wake. "Paukwa!" "Pakawa!" Kwa mwito huo mmoja ameshajua nani yuko macho na nani anasinzia. Akifika katikati ya bahari akaona macho yametoka, atamnyamazisha kima kidogo zaidi kabla ya kumpa jibu. Akiwa na watu waliokwisha kuisikia, atawageukia: "Akamwambia nini?" nao watamjibu kwa pamoja.

Mwandishi hulipa pengo hilo kwa vifaa vingine. Mwisho wa sura ni ukimya wa fanani. Aya fupi baada ya aya ndefu ni sauti iliyoshushwa. Majibizano yasiyo na "akasema kwa hasira" humwachia msomaji atie hasira yeye. Lakini kwa kuwa hawaoni wasomaji wake, inambidi aweke hesabu kwa mkono. Chukua mswada wako, gawa karatasi safu mbili. Kushoto andika, tukio kwa tukio, msomaji anajua nini. Kulia andika mhusika wako mkuu anajua nini. Ukikuta safu zote mbili zimelingana kwa kurasa nyingi mfululizo, hapo ndipo hadithi inaposinzia, hata ukiipamba kwa tashbihi kumi. Mpe mmoja wao kitu ambacho mwenzake hana, hadithi itaamka.

Pana tahadhari moja. Kuficha ni rahisi, na wengi hulevywa nako. Msimulizi wa nafsi ya kwanza anayejua kwamba yeye ndiye muuaji, na akatutembeza kurasa mia mbili akijifanya kushangaa, anahitaji sababu yake mwenyewe ya kuficha. Asipokuwa nayo, anayetudanganya ni mwandishi. Papa alificha kwa sababu alitaka moyo. Kima alificha kwa sababu alitaka kuishi. Siri zao zina wenyewe.

Na siri ikishafichuka, hadithi lazima ibaki na kitu. Hiki ndicho kipimo ambacho kisa cha mkuyuni kimekishinda kwa karne nyingi, kutoka India hadi Unguja. Watoto wengi wanaoketi kukisikia tayari wanajua kwamba moyo haukuachwa mtini. Mshtuko wa katikati ya bahari umeshawaishia, na bado wanakitaka, maana sasa wanamsikiliza papa akialika huku wakijua anachokificha. Wanapata ile hofu ya safari ambayo msimulizi aliwanyima walipokisikia mara ya kwanza. Mpango wake wa habari unafanya kazi kwa mgeni na kwa mwenyeji, kila mmoja kwa njia yake. Punda alikosa akili kwa kurudi mara ya pili. Msikilizaji anayerudi mara ya pili ndiye shahidi kwamba hadithi imesukwa vizuri.